Wanaoanza wanachanganya klasi na objekti: niwaonyeshe nini kwenye skrini?

kipanya_cha_tatu: Wakuu, naandaa somo la Python (lugha ya programu) kwa wasiojua lolote. Uhuishaji wa "klasi ni ramani, objekti ni nyumba" wanauelewa, ila wakiandika b = a wanadhani nyumba imekuwa mbili. Nibadilishe nini?

msimbo_safi: Ramani na nyumba haina nafasi ya rejeleo (jina linaloelekeza kwenye objekti, si objekti yenyewe), ndiyo maana wanakwama hapo. Fungua Python Tutor (tovuti inayochora kila hatua ya msimbo), bandika hii:

```
class Taa:
    def __init__(self):
        self.imewaka = False

a = Taa()
b = a
c = Taa()
b.imewaka = True
```

Kabla ya kubofya kwenda hatua inayofuata, kila mmoja achore kwenye karatasi visanduku na mishale anayotarajia. Kwenye b = a wengi huchora taa mbili; skrini inaleta moja, yenye mishale miwili. Mstari wa mwisho ukishapita, waulize a.imewaka ni nini, na c je?

Tahadhari: klasi yenyewe nayo huchorwa kama kisanduku, na watakihesabu kuwa taa. Waambie mapema. Na usiwaachie video watazame tu. Watatikisa kichwa, kosa libaki palepale.

nakala300: Mimi ningetanguliza Scratch (programu ya kuandika msimbo kwa kuunganisha vitalu), kipindi kimoja tu. Tengeneza umbo (sprite), zalisha nakala zake 5, kisha kigeu (variable) "kasi" kiwe cha maumbo yote: ukiibadilisha kasi kwenye nakala moja, zote zinabadilika. Kifute, kiunde upya kiwe cha umbo hilo pekee, kila nakala ishike kasi yake. Hapo hali ya objekti inaonekana kwa macho. Mwisho ni nakala 300. Wasipozifuta, mpya hazitokei na hakuna ujumbe wa kosa. Urithi (klasi kuchukua sifa za klasi nyingine) usiufundishe huko, haupo.

msimbo_safi: Kwa urithi, Greenfoot (programu ya kujifunzia msimbo kwa maumbo yanayosogea uwanjani), ingawa ni ya lugha ya Java, si Python. Wanabofya klasi kwa kitufe cha kulia, wanaweka objekti uwanjani, wanakagua thamani zake. Mtego: ukiandika Act() badala ya act() (mbinu inayoliendesha umbo), programu inakubali lakini umbo halisogei. Alama @Override ikiandikwa juu ya mbinu hiyo hulinasa kosa hilo.

kipanya_cha_tatu: Nimeelewa. Na orodha iliyowekwa moja kwa moja ndani ya klasi, nje ya __init__ (sehemu inayoandaa kila objekti mpya)?

msimbo_safi: Hiyo ni moja kwa taa zote. Iendeshe kwenye Python Tutor ileile: mshale wa orodha unatoka kwenye kisanduku cha klasi, si kwenye taa.