Kanga tumboni au Pilates: mama mzazi amsikilize nani?

Mama Wawili, Nyegezi: Wadau, tujadili bila kukwazana. Mwezi wa nne huu tangu nijifungue. Mama mkwe alinifunga kanga kuanzia siku ya tatu, na maji ya moto juu. Tumbo liko palepale. Juzi nimelala chali, nikainua kichwa kidogo, nikabonyeza juu ya kitovu: vidole vitatu vikazama. Mtu wa fiziotherapia anasema misuli ya tumbo imeachana, nianze Pilates, yale mazoezi ya taratibu ya kukaza tumbo na mgongo. Mama mkwe anasema hayo ni mambo ya Capri Point, kwa matajiri wa hapa Mwanza.

Wa Igoma: Mama zetu walifungwa kanga, wakazaa wanane. Pilates waliijulia wapi?

Buhongwa Juu: Mama zetu walitekewa maji na kupikiwa uji wiki nzima nzima. Mapumziko tumeyatupa, tumebaki na kanga. Kanga inashikilia mgongo, sikatai, ila msuli haujifungi kwa kufungwa. Na Joseph Pilates, mwanzilishi wa mazoezi hayo, hakuanzia ukumbi wenye vioo. Sehemu ya mazoezi yake aliyakuza akiwa kizuizini Isle of Man, kisiwa karibu na Uingereza, Vita ya Kwanza ya Dunia. Mkeka unatosha. Lala chali, kunja magoti, toa pumzi taratibu huku ukivuta tumbo la chini ndani na kubana kama unayezuia mkojo. Zile za kuinuka kifua mbiombio acha kwanza, zinasukuma tumbo nje. Aliyepasuliwa aonwe kliniki kabla ya yote.

Dada wa Mwaloni: Mnaongea vizuri nyie. Sheria inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi, wa mapacha 100. Mimi siku ya 25 nilikuwa soko la Mwaloni Kirumba na ndoo ya dagaa kichwani, nikikohoa mkojo unanitoka. Sitaki kufundishwa kupumua, nataka wa kunibebea ndoo.

Buhongwa Juu: Hapo sina jibu, dada. Ila ndoo isitoke chini: iwekwe juu ya meza, mtu akutwike, na utoe pumzi wakati unainua. Huo mkojo usiuzoee, una tiba.

Wa Igoma: Akutwike nani, na kila mtu anakimbilia mteja?

Mama Wawili, Nyegezi: Nimeanza jana usiku. Mama mkwe kakaa mlangoni na kanga yake begani, ananitazama mkekani. Mwisho kauliza, "Kwa hiyo hapo ndiyo unafanya zoezi?"