Banda la kuku wazazi lisilo na tope wakati wa masika, Tanga

Mfugaji wa Pongwe:
Assalaam aleikum ndugu wafugaji. Nina nusu eka huku Pongwe, nje kidogo ya jiji la Tanga, ambapo nafuga kuku wa kienyeji kwa ajili ya kuzalisha vifaranga wa kuuza. Eneo lina mteremko na udongo wake unanata. Masika yakianza uwanja hugeuka tope, matetea huingia viotani na miguu michafu, na mayai huchafuka kabla sijayafikisha kwenye mashine ya kutotolesha. Nakusudia kujenga banda jipya kabla ya Machi. Fundi anashauri nimwage zege kote, uwanja pamoja, lakini mtaji wangu ni mdogo. Je, ipo njia nyingine?

Bi Muheza:
Waaleikum salaam, kaka. Kabla hujanunua mfuko wa kwanza wa saruji, tazama maji yanatoka wapi. Milimita moja ya mvua ikiangukia mita moja ya mraba huwa lita moja. Kwa hiyo paa la mita 4 kwa 6 likipata mvua ya milimita 50, ambayo si ajabu kwetu Aprili au Mei, hushusha lita 1,200 ukingoni, pale pale ambapo kuku hupenda kuchakura. Zege lisilo na mtaro litampelekea jirani maji hayo, nawe utabaki na ugomvi.

Weka mfereji wa bati ukingoni mwa paa uelekee kwenye tangi, kisha chimba mtaro upande wa juu wa mteremko ili maji yalizunguke banda. Inua sakafu kwa kifusi kilichoshindiliwa, sentimita 30 hivi, na paa litokeze karibu mita moja nje ya ukuta, kwa sababu mvua zetu huja na upepo. Saruji itoshe ndani ya banda tu. Uwanjani, komba tope la juu, mwaga kokoto za chokaa, ambazo wewe wa Pongwe unazipata jirani, halafu mchanga wa mto juu yake. Usichukue wa ufukweni, kwani chumvi humfanya kuku anywe kupita kiasi na kinyesi chake kiwe majimaji.

Afisa Mifugo Mstaafu:
Mwanangu, bibi hapo juu amesema vyema kuhusu maji ya nje, nami naongeza ya ndani, kwa maana mara nyingi banda hulowa kwa sababu ya vyombo vya maji. Viweke juu ya fremu ya wavu yenye kokoto chini yake, vimo vya mgongo wa kuku, ili yanayomwagika yasifike kwenye matandazo.

Jambo hili ni la afya kuliko usafi wa macho. Vimelea vya kuhara damu hutoka na kinyesi vikiwa bado havina uwezo wa kuambukiza. Vikipata unyevu na joto, na pwani vyote viwili vipo, huiva kwa siku moja au mbili tu. Tandaza maranda au pumba za mpunga, kisha kila baada ya siku chache chukua konzi moja karibu na vyombo vya maji uikamue: ikishikana kama tonge, iondoe. Inama pia hadi usawa wa kuku unuse, maana aliyesimama haipati amonia, gesi kali ya kinyesi, ile inayomchoma macho kifaranga. Wengi hunyunyiza chokaa juu ya samadi mbichi wakidhani wanakausha, kumbe huzidisha amonia hiyo. Kideri, ugonjwa wa virusi unaoua kuku, hakizuiwi na ukavu. Chanjo yake ya I-2, ya tone la jicho, irudiwe kila miezi mitatu.

Yai lenye tope usilioshe kwa maji ya baridi, kwani kilichomo husinyaa na uchafu huvutwa ndani kupitia vitundu vya ganda. Yai la namna hiyo liwe la kula nyumbani.

Mfugaji wa Pongwe:
Shikamoo mzee, na ahsante dada. Je, kuku wazazi niwapangeje, na paa niezeke makuti?

Afisa Mifugo Mstaafu:
Marahaba. Tenga vyumba, kila kimoja jogoo mmoja kwa matetea wanane hadi kumi, ili ujue kifaranga ametoka kwa nani na usije ukamrudisha jogoo kwa binti zake. Viota viwe vya sentimita 30 kila upande, kimoja kwa matetea wanne au watano, vikiinuliwa kutoka sakafuni na kuwekwa mbali na mlango, ili kuku akanyage matandazo makavu kabla ya kufika.

Bi Muheza:
Makuti ni baridi, sikatai, lakini utitiri na papasi hujificha humo, na mfereji hauyapokei maji yake vizuri. Ezeka bati, urefu wa banda ulale kutoka mashariki hadi magharibi ili jua lisipenye ndani, ukuta uishie chini na juu uweke wavu. Upepo wa bahari utamaliza kazi ya joto.

Mfugaji wa Pongwe:
Basi nitaanza na mtaro wiki hii, udongo ukiwa bado mkavu, na fundi nitamwambia asubiri.