Miaka mitano inatimia: nile kiapo cha uraia wa Marekani au niache?

Kutoka: Kijana wa Wichita, Kansas
Septemba 2024

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu hamjambo. Nilishinda bahati nasibu ya grini kadi nikaingia nchi hii Novemba 2019. Miaka mitano inatimia karibuni, na kwa kuwa wanaruhusu kujaza fomu ya kuomba uraia, N-400, siku 90 kabla, mlango kwangu umeshafunguka. Kiwandani tunakotengeneza vipande vya ndege kila mtu ananiuliza nangoja nini. Mama yangu yuko Morogoro. Nilipompa habari hii alinijibu maneno matatu tu, "Mkataa kwao mtumwa," akakata simu. Ni wiki ya pili sasa hapokei.

Naomba walioshaapa wanishauri. Na kura ya urais ya Novemba naweza kuiwahi?

---

Kutoka: Mama wa Columbus, Ohio

Marahaba, mwanangu. Nianze na la haraka. Kura ya Novemba 5 huiwahi, wala usithubutu kujaribu. Ukienda kushughulikia leseni ya gari, wa dirishani anaweza kukuuliza kama unataka kujiandikisha kupiga kura. Sema hapana. Huenda anauliza kila anayefika, bila kujua wewe ni raia au si raia. Usitie sahihi karatasi kwa kuona haya. Kujiandikisha au kupiga kura kabla ya uraia kunaweza kukukosesha uraia na hata kukufukuzisha nchini.

Ada mwaka huu wa 2024 ni dola 710 ukijaza mtandaoni, 760 kwa karatasi. Kipato cha kaya yako kikiwa kidogo unaweza kuomba ulipe 380, usione haya kuomba. Maswali ya uraia, kwa mtihani wa mwaka huu wa 2024, ni 100, wanakuuliza hadi 10, ukipata 6 umepita.

Sasa la mama yako. Mimi aliyeniambia maneno hayo ni kaka yangu, naye hakukata simu. Alikaa kimya nikawa namsikia anavyohema, kisha akaniuliza: "Na kihamba?" Sisi ni watu wa Marangu, Kilimanjaro. Kwenye kihamba ndiko iliko migomba, kahawa, na makaburi ya baba na mama. Mtanzania mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine, kwa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 uraia wake wa Tanzania umekwisha. Na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ilivyo mwaka huu wa 2024, hairuhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Tumepiga kelele ya uraia pacha miaka mingi, sasa, mwaka 2024, tunazungumziwa Hadhi Maalum, yaani haki fulani nyumbani bila uraia. Wewe amua kwa sheria iliyopo leo, usiamue kwa ahadi. Kama una kiwanja, kaa na wanasheria na ndugu zako kabla ya kiapo.

Kwa hiyo usidhani mama yako anakusimanga bure. Kuna kitu kinakatika kweli. Swali la 53 kwenye yale 100 linakuuliza utaje ahadi moja unayotoa unapokuwa raia, na jibu mojawapo ni kuacha utii kwa nchi nyingine. Nilikuwa nalisoma usiku jikoni, nalifunika kwa kiganja, nalifunua. Nilikaa na grini kadi miaka kumi na mbili kwa sababu ya swali hilo.

Kilichonisukuma ni mwaka 2020. Mtoto wa dada yangu alikuwa ameshinda bahati nasibu kama wewe. Januari 31 Rais Trump akatia sahihi tamko lililozuia Watanzania na Wasudani kupewa viza za bahati nasibu hiyo. Kijana alikuwa ameshalipia vipimo vya hospitali. Rais Biden alilifuta tamko hilo siku aliyoapishwa, Januari 20, 2021, lakini viza hizo zina mwaka wake, na mwaka wa kijana wetu ulikuwa umefungwa tangu Septemba 30. Mimi nilikuwa hapa, nalipa kodi, nabeba boksi, na sikuwa na hata kura moja ya kuwauliza waliofanya vile. Siku dada yangu aliponipigia akilia ndipo nilipoamua.

Niliapa Mei 2023. Ukifika ukumbini unarudisha grini kadi, na mimi niliitazama picha yangu ya 2011, shavu limejaa, nikampa yule ofisa. Walipotaja nchi moja moja tulisimama Watanzania wawili. Mwenzangu sikumfahamu, lakini tulitazamana, na mpaka leo tunasalimiana kila Ijumaa.

Desemba hiyo hiyo nilikwenda nyumbani kwa Krismasi, kama ilivyo desturi ya Wachagga. Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) nikasimama foleni ya wageni, viza dola 100. Ofisa akaniuliza kwa Kiingereza ninakwenda wapi. Nikamjibu kwa Kiswahili, akaangalia mahali nilipozaliwa kwenye pasipoti, akanyamaza kidogo, akasema, "Karibu nyumbani, mama." Mwanangu, nililia pale pale mbele ya kaunta. Kaka alikuwa nje na gari. Hajanisamehe, lakini alikuja kunipokea.

Jambo la pili ninalotaka kukwambia ni shukrani, maana utaambiwa ushukuru mpaka masikio yachoke. Kazini kwetu kwenye nyumba ya wazee tuna dada Mhaiti anayeishi Springfield, chini ya saa moja kwa gari kutoka hapa. Mnajua kilichowapata Wahaiti wa mji huo mwezi huu. Ulianza uvumi kwamba Wahaiti wanakula mbwa na paka za majirani, ukafika mpaka kwenye mdahalo wa urais Septemba 10. Gavana wetu Mike DeWine, Mrepublikan na mzaliwa wa mji huo huo, akasema hadharani kwamba si kweli. Hata hivyo vitisho vya mabomu vikaanza, shule zikatolewa watoto. Huyu dada alikuja zamu ya usiku akiwa hajui kesho yake atampeleka mwanawe shule au la. Akasema chumbani kwa wafanyakazi kwamba anaogopa, na mwenzetu mmoja akamjibu: ungeshukuru tu kwamba uko hapa.

Kwetu tuna msemo, shukrani ya punda ni mateke. Ndivyo alivyotuona, mapunda tuliolishwa na sasa tunarusha miguu. Nilimwambia kwamba huyu dada amewageuza kitandani wazee wa nchi hii usiku kucha kwa miaka, na anayesema "naogopa" hajamkosea mtu. Hakunijibu. Huenda hatanisemesha tena, na sijutii.

Mimi nashukuru, na ninajua nani wa kumshukuru. Namshukuru jirani aliyenifundisha kuendesha gari kwenye barafu katika uwanja mtupu wa kanisa, asubuhi nne za Jumamosi. Na namshukuru bibi mmoja niliyemtunza, mzaliwa wa Alabama. Wakati najiandaa kwa usaili, yeye ndiye aliyekuwa akishika karatasi ya maswali mimi nikimchana nywele. Aliniuliza swali la 60, ni watu gani walioletwa Marekani na kuuzwa watumwa, nikajibu, "Watu kutoka Afrika," akaitikia kwa kichwa. Tulipofika swali la 50, haki mojawapo iliyo ya raia peke yake, nikasema kupiga kura uchaguzi wa taifa. Akaiweka karatasi mapajani. Akaniambia mama yake aliipata haki hiyo akiwa na wajukuu tayari, baada ya sheria ya 1965 iliyolinda kura za Wamarekani Weusi, na siku ya kwenda kupiga kura alivaa kofia yake ya Pasaka.

Mwaka huo huo wa 1965, Oktoba 3, Rais Johnson alitia sahihi sheria mpya ya uhamiaji iliyofuta mgao wa zamani wa kitaifa, ambao tangu miaka ya 1920 uliwapendelea watu wa Ulaya ya kaskazini na kutuachia sisi Waafrika makombo. Vuguvugu la Wamarekani Weusi ndilo lililolainisha ardhi ile. Walipigwa mabomu makanisani na kung'atwa na mbwa wa polisi, na mlango ulipofunguka tukapita na sisi. Ndiyo maana ninaumia nikisikia Mwafrika aliyefika juzi akiwasema Weusi wa hapa kwamba ni wavivu. Tafadhalini sana, maneno hayo tuyaache.

Uamuzi ni wako. Ila mpigie mama yako tena, na usimpigie kubishana.

---

Kutoka: Mkenya wa Minneapolis, Minnesota

Asante sana, Mama. Nina mawili matatu ya kuongeza. Sisi Wakenya Katiba ya 2010, Ibara ya 16, inasema aliye raia kwa kuzaliwa hapotezi uraia wake akichukua wa nchi nyingine. Kwa hivyo nina pasipoti mbili. Lakini kijana asidhani kwamba zikiwa mbili moyo unatulia. Mwaka 2022 vituo vya kupigia kura ya Kenya Marekani vilikuwa Washington, New York na Los Angeles. Kutoka huku ni ndege na hoteli, na sikuenda. Mwaka huu Juni 25, vijana walipoingia Bunge pale Nairobi kupinga Mswada wa Fedha, nilikuwa kwa simu usiku mzima nikitafuta mtoto wa ndugu yangu. Nilipoandika kitu, nikaambiwa na mtu wa kwetu: wewe uko majuu, nyamaza. Huku nako mbunge wetu Ilhan Omar, aliyekaa miaka minne kwenye kambi ya wakimbizi ya Utange pale Mombasa akiwa mtoto, aliimbiwa na umati North Carolina mwaka 2019 kwamba arudishwe kwao. Nilikuwa nimeshakuwa raia wakati huo. Binti yangu, mzaliwa wa hapa, aliniuliza kama na mimi naweza kurudishwa.

Kuhusu kuwashukuru Wamarekani Weusi, Mama umenena. Zile ndege za kuleta wanafunzi Marekani alizoanzisha Tom Mboya mwaka 1959, ile ya kwanza iliyobeba vijana 81, waliosaidia kuchangisha nauli ni pamoja na mastaa Weusi Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier. Mwalimu wangu wa hesabu alikuwa mmoja wa waliosoma Marekani kwa mpango huo. Nimekula matunda ya pesa hizo nikiwa bado kijijini.

---

Kutoka: Baba wa Des Moines, Iowa

Wapendwa, amani kwenu. Mimi ni mtu wa Fizi, Kongo. Niliingia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, nikiwa mtoto, nikaoa humo, nikazaa watoto watatu humo. Katiba yetu nayo inasema uraia wa Kongo ni mmoja na haushirikiani na mwingine. Lakini mimi nilikuwa na nini cha kupoteza? Sijawahi kushika pasipoti ya Kongo. Ya kwanza maishani mwangu ni ya Marekani, na siku ilipofika kwa posta niliiweka mezani tukaiombea.

Kwa heshima, mama, hapo kwenye shukrani mimi na wewe tunaachana kidogo. Mtu akiniambia nishukuru, ninashukuru, na haniumizi. Nimepanga foleni ya unga kwa miaka, najua nilikotoka. Lakini huyo dada wa Springfield umemtetea vizuri, hapo niko na wewe.

Na kwa wakimbizi wanaosoma hapa: miaka yenu mitano inahesabiwa tangu siku mliyoingia nchini, si siku kadi ilipofika. Wengi wanangoja mwaka mzima bure.

---

Kutoka: Mama wa Columbus, Ohio

Baba, nimekuelewa, na sitabishana na mtu wa Nyarugusu juu ya foleni ya unga.

Kwa walioapa karibuni na wako Ohio: mwisho wa kujiandikisha kupiga kura mwaka huu wa 2024 ni Oktoba 7. Angalieni leseni zenu. Kama ilitolewa mkiwa na grini kadi, huenda imeandikwa kwamba ninyi si raia, na kituoni haitakubaliwa. Ibadilisheni au mwende na pasipoti ya Marekani. Mwaka jana mimi nilirudishwa nyumbani kwa ajili hiyo, nikaendesha gari mbio kuifuata pasipoti nikafika dakika ishirini kabla ya kufunga.

---

Kutoka: Kijana wa Wichita, Kansas

Nawashukuru sana wote. Nimempigia mama leo alfajiri ya kwao, amepokea. Hatukuzungumza habari ya uraia, ameniuliza tu kama kumeanza baridi. Nimefungua fomu. Imefika mahali pa kuorodhesha safari za nje ya Marekani kwa miaka mitano. Nilisafiri mara moja tu, mwaka 2022, baba alipofariki, nikakaa wiki tano mpaka arobaini. Na hiyo inahesabiwa?

---

Kutoka: Mama wa Columbus, Ohio

Inahesabiwa, mwanangu. Andika siku uliyoondoka na siku uliyorudi, kama zilivyo kwenye mihuri ya pasipoti. Wiki tano hazikatishi kitu. Na pole sana kwa msiba, hatukujua.