Ubeti huu una mizani (silabi) 8 au 9? Na toni yake ni ipi?

Mwanagenzi: Habari zenu wakuu. Nachambua shairi hili la ubeti mmoja:

Tanga wamekwisha tweka, bandarini wewe humo,
Mawimbi yanapasuka, povu halina kikomo,
Macho mbali nimeweka, nikitazamia omo,
Mwenzangu, warudi lini?

Nimeandika: tarbia (mishororo minne), mtiririko, mshororo wa mwisho ni kibwagizo, toni ya furaha kwa kuwa mwenzake yumo bandarini. Ila ukwapi (kipande cha kwanza) wa mshororo wa 3 unanipa mizani 9, na kituo (mshororo wa mwisho) 9. Mtunzi kakosea?

Ukwapi (mchangiaji): Hajakosea. Umetenga m na b katika "mbali", ilhali hutamkwa pamoja: mba-li, silabi 2. Vivyo hivyo mwe-nza-ngu, 3. M husimama peke yake kwenye m-ti, m-to, hata m-bu. Gonga kidole mezani huku ukitamka, usihesabu kwa macho. Kituo kina 8 badala ya 16, ndiyo maana bahari (aina ya shairi) ni msuko. Tarbia umepata. Mtiririko futa: ubeti mmoja hauonyeshi kama vina vinafululiza beti zote. Taja tu vya kati -ka, vya mwisho -mo, kituo -ni. Kibwagizo nacho futa, maana hakirudiwi popote, ni kiishio.

Tezi (mchangiaji): Furaha umeitoa wapi? "Humo" hapa ni kanusho la "umo", si kile kionyeshi cha "humo ndani". Mtu hayupo! Kosa hilo moja linapindua ubeti mzima.

Tazama na vitenzi. "Wamekwisha" ni tendo lililokamilika, "yanapasuka" na "nikitazamia" haziishi, na kinachoelekea mbele ni "warudi" peke yake, tena ndani ya swali. Hapo ndipo umbo linapofanya kazi: utao (kipande cha pili) unaotarajiwa baada ya "lini" haupo, kimya kinakaa mahali pa jibu. Lakini usiandike "huzuni" ukaishia hapo. Chombo kikiondoka, aliyebaki pwani huona tezi, yaani nyuma yake. Omo, yaani mbele yake, huiona kikirejea. Anayetazamia omo bado ana tumaini, kwa hiyo mimi ningesema hamu yenye shaka.

Mwanagenzi: Shukrani. "Tweka" na "warudi" zote ni inkisari (kufupisha neno)?

Ukwapi: "Tweka" ndiyo, ku- imedondoshwa, irudishe upate 9. "Warudi" si inkisari, ni wakati wa -a-.