MREJESHO: Mowgli darasa la tano

Wadau, nilikuja kuuliza nifundisheje hadithi za Rudyard Kipling (1894) za Mowgli, mtoto aliyelelewa na mbwa mwitu, kwa watoto wa Kampala, ambao mbwa mwitu wa India hawamjui hata kwa picha. Asanteni sana. Ushauri wa kuanzia kwenye miziro ya koo za Baganda (mnyama au kitu ambacho kila ukoo hujitambulisha nacho) ndio uliofanya kazi kuliko yote. Mtoto wa ukoo wa Ngo (chui) aliposikia Bagheera ni chui, akadai huyo ni babu yake. Wa Nkima (tumbili) wakawatetea nyani mpaka kengele ikalia! Kuigiza baraza la Akela, kiongozi wa mbwa mwitu, nako kulinoga, ingawa Shere Khan, yule simbamarara adui, nilibaki kuwa mimi. Zile nyimbo za mwisho wa hadithi zimegoma kabisa, nimeziruka. Vitabu bado haba, wanasoma watatu watatu.