Eti Popp "aliogopa" Wembley!! Huyu mchambuzi wetu katumwa na nani jamani

Wakuu salamu baadaye, kwanza nitoe povu.

Yule jamaa wa kipindi cha asubuhi, simtaji maana wote mnamjua, yule ambaye kila mchezaji kwake "wa kawaida sana", leo kaamka na Alexandra Popp, yule mshambuliaji wa Ujerumani. Mada ilikuwa washambuliaji waliokosa fainali, mada nzuri tu, msikilizaji kapiga simu kamtaja Popp na fainali ya Euro 2022 ya wanawake, Ujerumani na England pale uwanja wa Wembley, jamaa akacheka kwanza, akaisogelea maiki, akasema "yule aliogopa Wembley bana". ALIOGOPA. Na mwenzake pembeni anagonga meza kwa kicheko kama kasikia cha maana.

Aogope nini? Mpaka siku ile dada wa watu hakuna mechi aliyotoka mikono mitupu. Denmark kaingia kutoka benchi, kafunga. Hispania kafunga. Finland kafunga. Austria kafunga. Nusu fainali Ufaransa wamekula mbili zote zake, ile ya pili kapanda juu kwa kichwa kakaa huko mpaka mabeki wameshuka wamekunywa chai wamerudi. Mechi 5 goli 6. Halafu ALIOGOPA.

Na ile ndiyo ilikuwa Euro yake ya kwanza, ana miaka 31! 2013 majeraha, 2017 majeraha, 2021 goti likamuweka nje miezi kibao, hata namba ya kuanza kaipata kwa sababu mshambuliaji mwenzake Lea Schüller alikutwa na korona. Mtu kasubiri hivyo, jina lipo kwenye kikosi, yeye ndiye nahodha, watu 87,192 wamejaa uwanjani, anapasha misuli dakika chache kabla ya filimbi, msuli unakataa, anatoka. Anakaa benchi anaangalia wenzake wanalala 2-1 dakika za nyongeza. Halafu mwanaume mzima ambaye akipanda ngazi za studio anaomba maji anasema aliogopa. Nimezima redio nimewasha tena nimezima tena. Aliogopa!! Kwa kicheko!!

Mzee wa Kona:
Mkuu tulia kidogo. Popp ni shangazi yako wa kule kwao Witten, Ujerumani au? Povu lote hili ungefua nguo za mtaa mzima na ya kuoshea daladala ikabaki.

Bibi Offside:
Mie nipo na mleta uzi. Huyo kaka ndiye aliyetuambia Kombe la Dunia 2023 Ujerumani wanapita kwenye kundi lao wamelala. Wakapigwa na Colombia, wakatoka 1-1 na Korea Kusini, wakapanda ndege. Kwenye makundi wamefunga 8, nusu yake Popp. Kesho yake kaja studio kama vile hajawahi kusema kitu.

mkekachanika:
Na mimi nina langu na ile fainali. Nilibeti Popp afunge muda wowote. Mkeka umechanika mpira haujaanza!!

Mzee wa Kona:
Si mchezaji asipocheza wanarudisha hela?

mkekachanika:
Walirudisha mkuu ila nilishakopa kwa kutegemea ushindi.

Kocha Sebuleni:
Mnamlilia Popp na Birgit Prinz yupo. Mechi 214 goli 128, Kombe la Dunia 2003 na 2007, Euro tano, mchezaji bora wa dunia 2003, 2004 na 2005 mfululizo. Popp wenu kastaafu timu ya taifa na goli 67 kwenye mechi 145, na kabati halina Kombe la Dunia wala Euro. Mchambuzi kakosea maneno lakini Popp kwenye foleni ya Wajerumani asimame nyuma.

Mleta uzi:
Nani kaongelea Prinz hapa? Popp ana dhahabu ya Olimpiki ya Rio 2016, Prinz ana shaba tatu. Popp ana Klabu Bingwa Ulaya 2013 na 2014 akiwa na Wolfsburg. Kombe la Ujerumani kabeba mara 13 mpaka nadhani wanamtumia kwa posta. Turudi kwenye mada, mtu kasema ALIOGOPA.

Kocha Sebuleni:
Prinz huyo huyo 2003 Perugia ya Italia ilimtaka akacheze na wanaume, akakataa. Mchambuzi wako akilijua hilo naye atasema aliogopa 😂

BudaWaUmoja:
Yaani mko hapa mnalia juu ya redio na hakuna mtu ametaja ule mkono wa Leah Williamson, beki wa England? Mpira ukagonga mkono ndani ya boksi kabisa, VAR, marefa wa video, ikaangalia ikanyamaza. Hiyo ndio ilifaa kufunguliwa uzi buda, si hii ya mtu kuskia redio akakasirika.

Mama Lionesses:
Mkono gani, mmeanza. England alifunga Toone, kisha Chloe Kelly dakika ya 110, kombe likabaki London. Na kiatu cha dhahabu cha mfungaji bora kaenda nacho Beth Mead wetu, goli 6 sawa na Popp wenu ila yeye ana pasi za goli. Lieni taratibu wenye usingizi walale.

Mleta uzi:
Mama heshima yako ila Popp angecheza ile fainali tusingekuwa tunaongea hivi. Na hakucheza kwa sababu ALIUMIA. Hakuogopa.

Bibi Offside:
Isitoshe mwoga gani anaondoka Wolfsburg 2026 anaenda Borussia Dortmund, wakati anatangaza timu yao ya wanawake ilikuwa daraja la tatu huko, eti kisa ndiyo klabu ya moyo wake tangu mtoto.

Kocha Sebuleni:
Pensheni hiyo.

kipa_namba_tatu:
Mimi kinachoniuma kwa huyo mchambuzi ni majina. Lina Magull alimuita "Magulu" kipindi kizima. Aliyesawazisha kwenye fainali! Magulu!

Fundi Antena:
Kwani hicho kipindi mnakipata wapi, huku kwetu hiyo redio inakoroma tu tangu mvua zianze.

mkekachanika:
Bora wewe wa redio. Mimi nimelipia king'amuzi kifurushi kile kikubwa ili nione ligi ya wanawake Ujerumani, naletewa mapishi. Jumamosi mchana, saa ya mpira, mtu anakata vitunguu.

BudaWaUmoja:
Huku kwetu pia ni hivyo, ukipiga simu unawekewa muziki mpaka credo inaisha.

kipa_namba_tatu:
Na ukichelewa kulipia siku moja wanakata fasta, ila mvua ikinyesha picha ikigoma siku hawafidii.

Mleta uzi:
Wakuu mada ni Popp

Mzee wa Kona:
Mkuu fungua uzi wako, hapa tunaongelea ving'amuzi.

Fundi Antena:
Wa Mbagala na Temeke njooni inbox, nina dishi la futi sita, unalipia fundi mara moja tu basi. Mapishi yapo pia kwa anayetaka.