Kama mwongozo wenu ni wa uongo, msituambie "soma mwongozo"

Wakuu, nina povu, na naomba nilitoe hapa kabla sijalitoa kule kwenye ukurasa wa mradi wa programu ninayoitumia nikafungiwa akaunti.

Hoja yangu naiweka juu kabisa, ili wale wazee wa kusoma mistari miwili na kurukia kujibu wasinisumbue. Sidai nifanyiwe kazi ya bure. Sidai kipengele kipya, sidai mtu aamke usiku wa manane anirekebishie hitilafu, hata salamu sidai. Ninachosema ni hiki: ukiandika kwenye mwongozo kwamba programu yako inafanya jambo fulani, na haifanyi, halafu mtumiaji akaja na ushahidi kwamba haifanyi, usimrudishe kwenye ukurasa uleule wenye uongo na kufunga tiketi yake, yaani ripoti ya tatizo aliyoifungua.

Kisa chenyewe. Mimi nafunga mifumo ya oda kwenye migahawa hapa mjini. Mhudumu anabonyeza oda kwenye tableti, kule jikoni printa inatoa karatasi, karatasi inakatwa, mpishi anaichomeka ukutani na kuanza kazi. (Sizungumzii risiti ya EFD, ile ya kodi, ile ni habari nyingine na ina wenyewe.) Printa ni zile za karatasi ya joto, milimita 80, zimejaa Kariakoo. Karibu zote zinaelewa lugha moja ya amri, ESC/POS, iliyoanzishwa na Epson na wengine wakaiiga.

Sasa hapa wasio mafundi wanivumilie kidogo, maana bila hili hamtaelewa kwa nini nimekasirika. Ndani ya printa hizi kisu hakikai pale pale penye kichwa cha kuchapia. Kiko juu yake kidogo. Ukichapa mstari wa mwisho na kuamuru "kata" papo hapo, mistari ya mwisho bado iko ndani, haijafika kwenye kisu. Oda inakatwa ikiwa haijaisha, na ile mistari iliyobaki inatokea kichwani mwa oda ya mteja anayefuata. Ndiyo maana amri ya kukata, inayoanza na baiti 1D 56, ina namna zaidi ya moja: kuna ya kukata palepale, na kuna ya kusukuma karatasi kwanza mpaka ifike kwenye kisu ndipo ikate.

Laibrari ninayotumia (msimbo ulioandikwa tayari na wengine, unauingiza kwenye programu yako) ni ya programu huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadilisha; jina lake naliacha. Mwongozo wake unasema, bila kupepesa, kwamba ukiita kazi (function) ya kukata, karatasi husukumwa yenyewe kwanza. Juu ya ukurasa imeandikwa toleo la 4. Nikaamini. Kwa nini nisiamini? Kumbe hiyo ilikuwa kweli mpaka toleo la 3. Kwenye la 4 mtu aliondoa ule msukumo ili mtumiaji ajiamulie mwenyewe, jambo ambalo hata silipingi, ila mwongozo hakuna aliyeugusa. Kwenye orodha ya mabadiliko utakuta wameandika kitu kama "tumesafisha tabia za zamani". Basi.

Ijumaa jioni, mgahawa wa Sinza, meza zimejaa. Oda ya meza ya sita inaishia na "bila pilipili". Ile "bila pilipili" ikaenda kutokea juu ya oda ya meza ya tisa. Meza ya sita wakala pilipili wasizotaka, meza ya tisa wakaletewa samaki asiye na pilipili kama wa hospitali, na wote wawili wakamgeukia mhudumu. Bosi akanipigia: "Fundi, mashine yako inakula maneno." Kabla sijajibu, simu ikanyakuliwa na mama wa jikoni: "Mwanangu, njoo uchukue dude lako, sisi tunarudi kwenye daftari."

Kulirekebisha ilikuwa kazi ndogo sana, kuongeza mistari mitupu kabla ya kukata. Kujua kwamba ndiyo tatizo ndiko kulikokula usiku wangu, kwa sababu mwongozo ulikuwa unaniapia kwamba haiwezekani likawa tatizo. Nilibadilisha waya, nikashuku umeme, nikamshuku aliyeniuzia printa (kaka, popote ulipo, samahani kwa maneno yale). Mwisho nikaingia kwenye msimbo wenyewe, nikakuta hakuna hata mstari mmoja unaosukuma karatasi.

Nikafungua tiketi. Nikaeleza vizuri, nikaweka picha ya karatasi mbili, nikaweka jina la faili na mstari. Jibu la kwanza: "Tafadhali soma mwongozo kabla ya kufungua tiketi." Imefungwa.

Aisee.

Nikajibu kwa adabu zote nilizofundishwa nyumbani, kwamba mwongozo ndio niliousoma na ndio ninaoulalamikia. Akaja msimamizi mwingine: hili lilishajadiliwa Discord, ile programu ya vyumba vya soga. Discord! Mazungumzo yaliyoko ndani ya Discord huyapati ukitafuta Google, ni lazima ujiunge, uingie chumba husika, upande juu kwenye soga za wiki nzima, katikati ya watu wanatumiana picha za paka. Yaani ukurasa rasmi unadanganya, na ukweli umefichwa sebuleni kwa wenyewe. Halafu akaongeza ile sentensi ambayo kila mtumiaji wa programu huria ameshaisikia: nyaraka zinaandikwa na watu wanaojitolea, ukiona kosa tuma marekebisho, karibu sana.

Nikakaribia. Nikatuma sentensi mbili, kwamba kuanzia toleo la 4 karatasi haisukumwi yenyewe, hivyo sukuma kwanza. Kumbe ili sentensi mbili zipokelewe, kwanza unasaini makubaliano ya wachangiaji. Sawa, nikasaini. Kisha ujenge tovuti nzima ya mwongozo kwenye kompyuta yako kuthibitisha hujaharibu kitu, na kuijenga maana yake ni kushusha mamia ya megabaiti za vikorokoro. Bando langu likaisha nikiwa nathibitisha nukta na mkato. Nikaunga jingine.

Halafu ndipo wenyewe wakaanza kugombana. Msimamizi mmoja akasema mwongozo hauna kosa, msimbo ndio wenye kosa, msukumo urudishwe. Mwingine akasema msimbo uko sawa, ila hataki mwongozo ukiri hadharani kwamba tabia imebadilika, maana watu watauliza kwa nini hawakutangaziwa. Wakavutana humo ndani ya ombi langu, mimi nimekaa katikati kama mtoto wa talaka. Wakanyamaza. Baada ya muda likaja roboti lao, likasema hakuna shughuli hapa, likafunga ombi. Shughuli nimeshafanya mimi, waliokaa kimya ni nyinyi, anayefungiwa ni mimi!

Na ukurasa mpaka naandika hapa unasema vilevile.

Nikaenda kulalamika kwenye grupu letu la WhatsApp la maprograma wa Dar, nikidhani nitapata angalau pole. Wapi. "Bro, ni cha bure." "Hujalipa hata mia, unalalamika nini?" "Andika yako." Jamani, leseni nimeisoma. Leseni ya MIT, moja ya leseni maarufu za programu huria, imeandika kwa herufi kubwa kabisa kwamba unapewa kama kilivyo, bila dhamana yoyote, na leseni nyingine, GPL, nayo ina kifungu chake cha kukataa dhamana. Kwa hiyo siendi mahakamani, hakuna aliyesema anaenda Kisutu. Lakini kutodaiwa fidia hakujampa mtu ruhusa ya kuendelea kuonyesha kibao anachojua ni cha uongo. Konda akibandika kibao cha Mbagala kwenye gari linalokwenda Gongo la Mboto, ukapanda, ukapotea, ukashuka kumuuliza, akakuambia "soma kibao", utamwambia asante kwa sababu nauli alikusamehe?

Msidhani nazungumzia mradi mmoja wenye watu wenye kisirani. Mwaka 2017 GitHub, tovuti inayohifadhi miradi mingi ya msimbo, walifanya utafiti wa programu huria, na asilimia 93 ya waliojibu walisema nyaraka zisizokamilika au zilizopitwa na wakati ni tatizo wanalokutana nalo. Kwenye utafiti uleule, asilimia 60 ya wachangiaji walisema hawachangii nyaraka kabisa au huchangia kwa nadra. Kila mtu anaona shimo, wengi wanaliruka, na sisi wachache tunaokuja na koleo tunaulizwa kibali.

Na inawezekana kufanya vizuri. Watu wa OpenBSD, mfumo endeshi huria, huhesabu kosa kwenye kurasa za mwongozo kuwa ni hitilafu ya programu, na wanalishughulikia hivyo. Mwongozo wa PHP, lugha ya kuandikia tovuti, tangu zamani una sehemu ya maoni ya watumiaji chini ya kurasa zake. Maoni mengine ni takataka, najua, lakini wangapi humu ndani mmeokolewa na mtu asiyemjua aliyeandika pale chini "angalieni, hii haifanyi kazi hivyo"? Laibrari yangu ingekuwa na nafasi ya namna hiyo, yule mteja wa meza ya sita angekula kwa amani.

Sasa niwape na wao haki yao, nisije nikaambiwa nabagua. Watumiaji nao wana mambo. Oktoba 2020 kampeni ya Hacktoberfest, ya kuhamasisha watu wachangie programu huria, ilikuwa inatoa fulana kwa aliyetuma idadi fulani ya marekebisho, na kilichofuata ni mafuriko ya watu wakibadilisha neno moja kwenye README (faili la maelezo ya mradi) za watu, wakiongeza "mradi mzuri sana", ilimradi fulana ipatikane. Waandaaji ikabidi wabadilishe utaratibu mwezi haujaisha, mradi ushiriki kwa hiari yake. Aliyepitia yale, nikimtumia sentensi mbili za mwongozo, namuelewa akinitazama kwa jicho la pembeni. Na kisa cha xz, programu huria ya kubana mafaili, kilichofichuka mwaka 2024, kinatisha zaidi: akaunti zisizojulikana zilimsakama msimamizi aliyechoka, kwamba anachelewesha mambo, mpaka akampa mamlaka mtu mwingine, ambaye akaja kuingiza mlango wa siri ndani ya programu. Kwa hiyo msimamizi akikataa kuburuzwa na makelele, ana sababu.

Ila mimi sikupiga kelele. Nilikuja na picha, nilikuja na namba ya mstari, nikaja na sentensi zenyewe zimeshaandikwa. Na wasiniambie sentensi za mwongozo ni jambo dogo lisilostahili muda wa wakubwa. Mwaka 2018 kwenye glibc, laibrari ya msingi ya mifumo mingi ya Linux, mtu aliondoa kichekesho kimoja kwenye maelezo ya kazi inayoitwa abort (ya kusimamisha programu ghafla; neno hilo kwa Kiingereza ni pia kutoa mimba), kichekesho kikongwe cha kubeza udhibiti wa habari za utoaji mimba kule Marekani. Richard Stallman mwenyewe, mwanzilishi wa mradi wa GNU, akasimama kusema kibaki, na wakubwa wakabishana barua kwa barua. Kwa utani, muda ulipatikana. Kwa mistari inayokatwa katikati ya oda, roboti.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ugomvi huu ukitokea huko kwao, mtu anamjua mtu, anakutana naye kwenye mkutano, wanamaliza kwa kahawa. Sisi tulioko huku mwongozo ndio mwalimu. Na huku programu huria si mchezo wa wikiendi. Tangu 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Ardhi wamechora Ramani Huria juu ya OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, mitaa kama Tandale ikapata ramani za kupangia mafuriko. Takwimu za vituo vya afya nchini zinapita kwenye DHIS2, programu huria ya kukusanya takwimu za afya. Watu wazima wanafanyia kazi vitu hivi, kwa hiyo sentensi moja ya uongo ina mtu inayemfikia.

Kwa hiyo wale wajuaji wa grupu, na kama kuna msimamizi wa mradi wowote anapita hapa: wekeni namba ya toleo kwenye sentensi yenyewe, si juu ya tovuti tu. Kama mmebishana na hamjaafikiana, wekeni mstari mmoja wa tahadhari wakati mnaendelea kubishana. Mkishindwa hata hilo, ondoeni hiyo aya, tutaenda kusoma msimbo tukijua tunaenda kusoma msimbo. Na roboti lisifunge ombi ambalo linasubiri jibu lenu wenyewe.

Kwa mafundi wenzangu: mwenye printa ya milimita 80 na oda zinazokatika, sukuma karatasi kabla ya kukata, mistari mitano kwangu inatosha, wewe jaribu na yako. Na mwenye zile ndogo za milimita 58 anayetumia laibrari hiyohiyo aje aniambie ameonaje, maana nyingi nilizozishika hazina kisu kabisa, unachana kwa mkono, na mwongozo unasema nazo zinakata.